Mkungu Uliorudi Nyumbani

Kanisani kwetu, mchungaji akishatoa baraka, tunatoka nje kwa wimbo na mnada unaanza. Asiye na fedha analeta madhabahuni alichovuna: mkungu wa ndizi, maharage, mayai, jogoo mwenye hasira. Mzee wa kanisa anavinadi, mwenye fedha ananunua, fedha inaingia kwenye kapu la sadaka. Mimi ndiye ninayeharibu bei. Nafanya biashara ya ndizi kati ya Bugomora na Bugene, na mkungu siwezi kuutazama bila kuhesabu vichane vyake, kisha kuvihesabu tena nikianzia chini. Mke wangu anasema siku ya mwisho nitasimama mlangoni mwa mbinguni nikiomba wapunguze kidogo.

Kwa ubahili huo wananchi walinichagua kwenye kamati ya ujenzi wa wodi ya wazazi, pale zahanati. "Huyu hata misumari ataihesabu," walisema, wakacheka, wakanyoosha mikono. Nami nilikuwa na sababu yangu. Binti yetu alikuwa amerudi nyumbani na mimba ya kwanza, na humo ndimo angejifungulia.

Mkandarasi alikuwa shemeji wa mheshimiwa wetu. Jina lake silitaji, na kwetu hakuna haja. Ukisema "mheshimiwa" watu wanapunguza sauti wenyewe. Alhamisi moja nilipita kwenye jengo, nikachomoa ufunguo wa pikipiki, nikaukwaruza ukuta pale vitanda vitakapokaa. Ufunguo uliingia kama kwenye keki. Mchanga ukamwagikia kiatu changu, na uliendelea kumwagika hata nilipoacha kukwaruza.

"Fundi," nikamwambia, "hii ni sementi au umepaka uji?"

"Mzee wangu, mimi napewa mifuko, najenga. Nikipewa michache, najenga hivyo hivyo."

"Na ukuta ukianguka?"

"Nitakuwa najenga kwingine."

Nikatamka, mbele yake na vibarua wake, kwamba Jumanne kwenye mkutano wa kijiji nitalisema. Nadhani habari ilifika kwa mheshimiwa mwenyewe kabla pikipiki yangu haijapoa.

Jumapili magari mawili yalisimama nje ya kanisa. Mheshimiwa aliketi benchi la mbele, akaimba beti zote bila kufungua kitabu. Haki yake nampa: anaimba vizuri. Mimi nilikuwa nimeleta mkungu kutoka kibanjani kwangu, migombani nyuma ya nyumba, na zamu yake ikafika.

"Elfu tano!" mzee wa kanisa akaanza.

"Nne na nusu," nikasema kwa mazoea. Watu wakacheka, maana ulikuwa mkungu wangu mwenyewe.

"Laki mbili," akasema mheshimiwa, bila kuinua sauti.

Hakuna aliyeongeza. Akajiongezea mwenyewe: "Tatu." Akina mama wakapiga vigelegele.

Kwenye mnada wetu anayenunua anaruhusiwa kumzawadia mwingine. Kwa kawaida ni mchungaji, au mjane. Mheshimiwa akageuka taratibu, akanitafuta kwa macho. "Namzawadia mzee aliyeuleta. Anatufanyia kazi kubwa kwenye kamati."

Huwezi kukataa. Kitu kimeshafika madhabahuni, kimeombewa. Nikaubeba mkungu wangu begani, na safari hii mimi ndiye niliyekuwa nahesabiwa. Akanifuata hadi kwenye pikipiki.

"Shikamoo, mzee. Nasikia una macho makali."

"Marahaba. Macho yameshachoka, mheshimiwa. Ni ufunguo tu."

Akacheka, kicheko cha kweli kabisa. Akachukua kamba ya katani, akaufunga mkungu kwenye pikipiki kwa mikono yake, fundo lililopinda kushoto na kuviringishwa kama kitunguu. "Binti anatarajia mwezi huu, eti? Mungu amsaidie."

Mimba inaonekana. Mwezi hauonekani. Mwezi tuliujua sisi watatu nyumbani, na nesi wa kliniki.

"Huo hauingii jikoni kwangu," alisema mke wangu.

"Ni ndizi zetu."

"Zilikuwa."

Ukabaki barazani. Huku kwetu kuna biashara inaitwa butura: mkulima mwenye shida anauza kahawa ingali ua mtini, kwa bei ya kuonewa, na siku ya kuvuna anakuta mavuno si yake. Imepigwa marufuku. Kura zetu lakini tunaziuza vivyo hivyo, kwa fulana na kilo ya sukari, miaka kabla hazijaiva. Hilo nilikuwa nalijua, nimezivaa fulana hizo. Sikujua tu kwamba mtu anaweza kununuliwa mlangoni mwa kanisa, kwa ndizi zake mwenyewe, huku anapigiwa vigelegele. Nikinyamaza Jumanne, nimekula. Nikisema, watadai nilitaka kuongezewa. Kama mfanyabiashara nililazimika kumvulia kofia.

Jumatatu nilikwenda kwa mchungaji.

"Baba mchungaji, sadaka ile ilikuwa sadaka?"

Alitazama juu, pale dari lilipoloa. "Imeshanunua mabati, mzee. Nitakuombea."

"Na kesho mkutanoni utakuja?"

"Nitakuombea," akarudia.

Simlaumu. Paa lile linawavujia wema na wabaya. Lakini nilirudi nyumbani nikihisi hata maombi yangu yameshapata mteja.

Jumanne ndizi zilikuwa zimeanza kugeuka njano, hazifai tena kupika. Niliupakia mkungu, nikautua juu ya meza ya mwenyekiti wa kijiji.

"Huu nimeurudisha," nikasema. "Sasa nisikilizeni habari za ukuta."

Nikasema yote, mchanga na ufunguo. Mama mmoja alinyoosha mkono. Mumewe akaushusha polepole, kama anayemfunika mtoto.

"Tumepokea maoni ya mjumbe," akasema mwenyekiti, akiongea kwa pembeni ya mkungu. "Ajenda inayofuata, mbwa wanaozurura."

Wiki haikuisha, kuta zikapakwa rangi ya maziwa, nzuri kweli. Mlango ukapata kufuli jipya. Siku ya ufunguzi mchungaji aliomba kwa muda mrefu, nami nikafumba macho nikaomba kuliko yeye, kwamba ukuta usimame. Sikuwahi kufikiri nitamwombea shemeji wa mheshimiwa kazi yake ifanikiwe.

Binti hatukumpeleka pale. Tuliondoka naye alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala kwenye migomba, hadi kwa dada yangu Bugene, karibu na mjini. Majirani tuliwaambia amekwenda Bukoba.

"Tata, nimefanya nini mimi mpaka nifichwe?" aliniuliza njiani.

"Umezaliwa na mimi."

Akajifunika kanga hadi masikioni. Nilikuwa nimekusudia utani.

Siku chache baadaye nilikuwa nimeketi uani kwa dada, naanza kupata usingizi wa kiti, pikipiki ya bodaboda ikaingia. Kijana nisiyemfahamu akazima, akasalimia kwa adabu zote.

"Shikamoo, mzee. Mzigo wa mama mjamzito."

Nyuma yake ulikuwa mkungu mkubwa, mbichi, umekatwa asubuhi ile. Utomvu ulikuwa bado unadondoka.

"Nani katuma?"

"Wamesema mtajua."

Akaanza kuhangaika na kamba, akashindwa. Nikasogea kumsaidia. Ilikuwa katani, na fundo limepinda kushoto, limeviringishwa kama kitunguu. Nikalifungua polepole, nikasingizia utomvu.

Kijana alipoondoka, binti alitokea mlangoni, mkono kiunoni.

"Ndizi nzuri hizo, Tata. Kaleta nani?"

Nikainama, nikaanza kuhesabu vichane. Nilipofika mwisho nikaanza tena, nikianzia chini, maana nikimaliza ingebidi nimjibu.