Risasi Niliyounyima Mti

Iko siku moja ninayoikumbuka kila asubuhi ninapoosha uso, mwanangu, kwa sababu kiganja changu hupita juu ya kovu hili la kwenye nyusi. Watu hapa Kasongo hudhani nilikuwa mgomvi ujanani, nami huwaacha wadhani hivyo. Kovu hili nililipata kwa darubini ya bunduki. Kama ingenichukua ngozi ya nyusi tu, leo ningekusimulia huku nikicheka.

Juzi ulinionyesha kwenye simu picha ya darubini unayotaka kuagiza, ukanieleza kwa furaha jinsi inavyoleta karibu mti ulio ng'ambo ya bonde. Uliponiona nimefumba macho ulifikiri nimesinzia. Nilikuwa namkumbuka mjomba wangu Kalonda wa Wamaza, kaka wa mama yangu, aliyenilea tangu baba alipofariki. Keti basi. Chai haina miguu, haitakimbia.

Nilikuwa na umri kama wako niliporudi kutoka machimbo ya Lusangi. Mchuuzi mmoja alikuwa amepita kule na darubini mbili. Moja ilikuwa fupi, nyepesi, ya kukuza kidogo. Ya pili ilikuwa ndefu kama mchi wa kutwangia sombe, majani ya muhogo. Niliuliza ipi inakuza zaidi, basi, sikuuliza kingine. Kwetu matete yanakufunga macho hatua chache tu mbele yako, nami nikachagua jicho la mtu anayewinda jangwani. Mtoto akililia wembe, mpe, walisema wahenga, na mimi nilipewa.

Bunduki ilikuwa ya marehemu baba, kuukuu lakini yenye kibali chake. Niliipeleka kwa fundi wa baiskeli hapa mjini, maana yeye ndiye aliyekuwa na tindo na bisibisi. Zile pete mbili za chuma za kushikia darubini zilikuwa pana kuliko bomba lake, kwa hiyo fundi akakata vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, akajazia nafasi, akakaza. Kisha akaiondoa shabaha ya zamani ya chuma, ile ya kulengea kwa jicho tupu, kwa sababu, alisema, ilikuwa inaziba. Nilikubali yote. Tulijaribu risasi moja nyuma ya karakana, tukalipata kopo. Lakini darubini ilikuwa imefungwa karibu mno na jicho, na bunduki iliporudi nyuma ikanipasua hapa. Tulicheka wote wawili, damu ikinitiririka hadi kidevuni.

Kesho yake nikaifunga bunduki nyuma ya pikipiki, nikashika njia ya Kabambare hadi Wamaza. Njia ile unaijua. Mashimo yake yanakufanya uhesabu mifupa yako unapofika. Mjomba alikuwa ameniita kwa sababu nyati dume alikuwa anavunja mashamba ya mpunga ya watu, na yeye macho yalikuwa yameanza kuchoka. Alinipokea, akanipa maji, akaitazama bunduki kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi.

Alasiri ile akanionyesha mwavuli mmoja mkavu, ule mti mwepesi wa msituni, uliosimama nyuma ya nyumba yake.

"Mupwa, njia yetu inatikisa hata meno mu kinywa," aliniambia. "Piga moja ku muti kwanza, tuone lineti yako iko inaona nini."

Lineti ndilo jina tulilolipa darubini ile. Mimi nilikuwa na risasi tano, na upatikanaji wake ulikuwa wa taabu.

"Mujomba, katushi ziko tano tu," nikamjibu. "Katushi ya ku muti haileti nyama."

Alicheka kidogo, kwa pua. Hakunibishia. Laiti angenibishia, mwanangu. Lakini wazee wa zamani walikuwa wanasema neno mara moja, la pili walikuachia ulisikie mwenyewe.

Alfajiri ilipokwisha na jua kuanza kukausha umande, tulimkuta nyati kwenye ukingo wa shamba, ng'ambo ya kijito. Mjomba alitaka tuzunguke tumkaribie, kama alivyozoea, mpaka hatua thelathini. Nikamwambia hakuna haja, hapa tulipo namwona hadi kope zake. Na kweli nilimwona. Nililenga nyuma ya bega, nikavuta. Nyati alijikunja kama mtu mwenye tumbo la kuuma, akazama kwenye matete. Mjomba hakuhitaji kuambiwa. Risasi ilikuwa imeingia tumboni.

Tulikaa chini kungoja, maana mnyama wa namna hiyo hafuatwi palepale. Mjomba alinyoosha mkono, nikampa bunduki. Akalishika bomba la darubini kwa vidole viwili, akaligeuza, nalo likageuka. Mpira wa baiskeli ulikuwa umehama njiani.

"Iko inacheza," akasema. Kisha akanirudishia.

Sasa sikiliza desturi yetu. Kwa wawindaji wa ukoo wa mama yangu, aliyemwaga damu hatangulii kuifuata. Wanasema moyo wake una moto, na mwenye moto moyoni hukimbilia kumaliza. Anatangulia mwenzake. Tulikuwa wawili tu. Nilimwomba mjomba aniachie niende mimi, akanitazama kama mtu aliyesikia upuuzi. Akachukua bunduki yake ya kalibri kumi na mbili, ya mtutu mpana, inayobeba risasi moja tu, akaingia kwenye matete. Mimi nikafuata nyuma yake.

Nyati alitoka ubavuni, karibu sana. Mjomba alipiga, akampata, lakini hakumsimamisha, nyati akamkumba na kumwangusha. Nikaweka jicho kwenye darubini yangu ya kukuza mno. Unajua niliona nini? Weusi. Manyoya meusi yaliyojaza kioo chote, bila kichwa wala bega, sikujua hata ni upande gani wa mnyama. Nikahamisha bunduki, nikaona majani. Nikatafuta shabaha ya chuma, na shabaha ilikuwa imebaki kwenye boksi la misumari kwa fundi. Nilisimama pale na bunduki iliyojaa, mjomba wangu yuko chini, na sikuweza kupiga kwa kuogopa kumpiga yeye. Nyati alianguka mwenyewe baadaye, kwa risasi ya mjomba. Lakini kwa mjomba ilikuwa imechelewa.

Watu wa mashambani waliosikia mlio walikuja, tukakata miti ya machela. Tulimbeba kuelekea barabarani. Alikuwa na fahamu. Karibu na kivuko aliomba tumshushe, akaniita kwa mkono, nikainama.

"Ile mambo ya katushi," akaniambia, "usimuambie Mama Zaina."

Mama Zaina alikuwa mke wake. Hakusema tena kitu cha kueleweka, na barabarani hakufika. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tuliimbishwa methali hiyo shuleni. Hakuna aliyenifundisha kwamba guu linaweza kuwa la mkuu mwenyewe.

Nililia matanga yote kama mtoto, na watu walinifariji kwa ajali niliyoipata. Kila aliyenipa pole alinichoma. Siku matanga yalipokwisha nikaitoa ile bunduki na risasi zangu nne zilizobaki. Nikasimama nyuma ya nyumba ya mjomba, nikapiga mwavuli ule ule alionionyesha. Nikapiga ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikilenga fundo moja la shina. Hakuna hata moja iliyogonga pale. Ya kwanza peke yake ingetosha kuniambia.

Mama Zaina alitoka jikoni. Alilitazama shina lile, akanitazama mimi. Nilitaka kumwambia, nikakumbuka nilivyoagizwa. Akaanza yeye.

"Ile siku ulifika, mujomba yako alinituma nifunge mbuzi," alisema. "Akasema mutapiga bunduki magaribi, zisikimbie. Nikafunga. Nikangoja mulio mpaka jua likaingia. Hakuna. Basi nikaenda nikafungua mbuzi."

Alikuwa anajua tangu siku ile, mwanangu. Siku zote za matanga aliniletea bugali na maji ya kunawa, na alikuwa anajua. Hakunilaumu siku ile wala baadaye, hadi naye akamfuata mjomba kaburini. Ningefurahi kama angenipiga. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu bado nambeba mgongoni, mzito kuliko alivyokuwa nilipompata.

Kwa hiyo ile picha yako ya kwenye simu, iache. Chagua ndogo, ya kukuza kidogo, inayokuonyesha mnyama mzima na majani yaliyomzunguka. Ifungwe kwa pete zilizotengenezewa bomba lake, chuma kwa chuma, bila mpira, bila karatasi. Skrubu zifute mafuta, uzikaze kidogo kidogo, hii na ile, usimalize moja ukasahau nyingine. Acha nafasi ya vidole vinne kati ya nyusi na kioo, au utapata kovu kama langu, nalo halimpendezi msichana yeyote. Shabaha ya chuma usikubali iondolewe hata fundi akikucheka. Na usimtazame mtu kupitia darubini ile, hata kwa mchezo. Kutafuta tafuta kwa macho yako. Darubini ni ya kulengea kile ambacho umeshakijua. Mnyama akiwa mbali, mkaribie. Miguu uliyopewa ni ya kazi hiyo.

Na kila bunduki ikisafiri, hata kutoka hapa hadi kivukoni tu, ipe mti risasi moja kabla hujaipa kitu chenye damu. Usihesabu hiyo kuwa hasara.

Fungua kiganja. Hii ndiyo ya nne, niliyoibakiza siku ile. Imezeeka, usiipige. Iweke mfukoni, na siku ukiona uchungu kupoteza risasi kwenye mti, ishike.

Mungu akulindie macho yako na watu walio mbele ya macho yako. Akupe mkono mtulivu na sikio jepesi kuliko langu. Uende porini na urudi na wote uliokwenda nao. Siku utakapoifunga hiyo darubini, mwambie kwanza mama yako afunge mbuzi. Mimi nitakaa hapa nje, nisikilize mlio.