Asubuhi Niliyomfagia Baba

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja nilikuwa mnene, na hakuna aliyejisumbua kunificha hilo. Shuleni waliniita Tangi. Tulikaa Uarabuni, mtaa wa Al Quoz, ghorofa ya pili ya jengo kuukuu lililotazamana na gereji, na vumbi liliingia ndani hata ufunge madirisha vipi. Tulikuwa wanne: baba, fundi magari, mama, aliyesafisha vyumba katika hoteli moja Al Garhoud, bibi mzaa baba, aliyeletwa kutoka Unguja kunilea, na mimi.

Mlango wa pili alikaa Mama Tobi, mshonaji kutoka Nigeria. Alikuwa na mikono iliyojaa na mgongo ulionyooka, na jimu hajawahi kuikanyaga. Alitwanga viazi vikuu jikoni kwake, kinu juu ya blanketi lililokunjwa ili wa ghorofa ya chini wasije kugomba. Alifua mashuka kwa mkono na mashine ipo. Siku moja alinikuta ngazini nalia kwa sababu ya lile jina. Aliongea Kiingereza, lakini mimi maneno yake nayakumbuka kwa Kiswahili.

"Kwetu hatumlipi mtu atukimbize juu ya mashine," alisema. "Shika ufagio. Inama, goti usilikunje. Kazi za nyumbani zitakupunguza, na mama yako atapumzika kidogo."

Nikashika ufagio wa chelewa wa bibi. Kila asubuhi kabla ya basi la shule nilianzia chumbani nikaishia ngazini, mkono wa kulia, kisha wa kushoto, upande mmoja usije ukapungua mwingine ukabaki. Nilichuchumaa nikasugua choo. Nilikamua nguo mpaka mabega yakauma. Bibi alifurahi mno. "Mashallah, mjukuu wangu kapata akili," aliwaambia majirani, hajui kwamba nafanya mazoezi.

Asubuhi ile baba alikuwa anasafiri kwenda Muscat, kazi ya miezi mitatu, ndivyo nilivyoambiwa. Alinibusu kipajini. "Mtunze bibi yako," akasema, akaburuta sanduku lake kubwa mpaka kwenye lifti. Mama alikwishakwenda kazini. Lifti ilipojifunga nikachukua ufagio, maana ndio ulikuwa wakati wangu. Nilifagia vizuri siku hiyo. Vumbi lote nilikuwa nimelifikisha kizingitini, naanza kulitoa nje, bibi akatoka jikoni.

"We mtoto! Wafanya nini?"

"Nafagia, bibi."

"Babako hata garini hajapanda! Msafiri akitoka nyumba haifagiliwi mpaka afike aendako. Umemfagia! Umemfagia babako, harudi tena huyu!"

Alininyang'anya ufagio. Kisha akapiga magoti, mzee wa watu mwenye magoti mabovu, akaanza kulizoa lile vumbi kwa viganja na kulirudisha ndani. Alilimwaga chini ya kitanda cha baba. Nilimsaidia. Hatukuacha hata chembe, nadhani, lakini bibi alikaa kitandani akalia, na mimi nikajua nimefanya jambo lisilorudishika.

Baba alipiga simu mara mbili mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili hakupiga. Miezi mitatu ilipotimia, namba yake ilikuwa haipatikani. Nilipomuuliza bibi, alinitazama mikono. "Mimi nilikwambia," alisema. Mama alisikia, akaendelea kufunga viatu vyake.

Basi nikapanga kumrudisha. Watoto hujipangia mambo yao kimyakimya, na mimi nilijiambia kwamba nikifanya kazi zote za nyumba ile bila kutumwa, lile kosa litafutika. Nilifua sare za mama. Nilimwogesha bibi. Lifti ilipoharibika nilipandisha madumu ya maji kwa ngazi, moja kila mkono. Nilisugua kuta zisizokuwa na uchafu. Kula nilikula kidogo, maana niliona aibu kushiba. Unene ukayeyuka, jina la Tangi likafa, na kina mama pale ngazini wakawa wananishika kiuno. "Rukia, umependeza! Umefanyaje, mwanangu?" Nilikuwa nachekacheka tu. Sikuwahi kusifiwa kama mwaka ule, na sikuwahi kujichukia hivyo.

Mama Tobi peke yake hakunisifu. Alinikamata mkono siku moja nikiwa na madumu, akaugeuza, akaona ngozi ilivyopasuka kwa dawa ya choo.

"Haya si mazoezi tena. Nani anakuadhibu?"

Nikamweleza. Akanipokea madumu. "Kwetu nako wana maneno yao ya ufagio," alisema. "Lakini baba yako ameondoka kwa miguu yake, mtoto. Hujamwondoa wewe." Jioni alikwenda kuzungumza na mama. Nilisimama nyuma ya mlango nikamsikia mama akimjibu kwa ukali, "Khalas, yatosha, niachie mwanangu. Ananisaidia." Toka hapo Mama Tobi hakuingia tena kwetu.

Baba hakurudi. Bibi alifariki nina miaka kumi na saba, na mpaka siku hiyo ni mimi niliyekuwa namkata kucha. Sasa nimevuka thelathini. Mwaka jana, mama amestaafu na yuko kwangu, tukiwa tunakunja nguo, alinitajia kwa bahati mbaya ndugu zangu wa Muscat. Nikamwuliza ndugu gani. Akaona amekwishaponyokwa na maneno, akasema yote. Baba alikuwa ameoa huko kabla ya safari ile. Mama aliambiwa wiki moja kabla baba hajaondoka.

"Bibi alijua?"

"Alimfungia sanduku kwa mikono yake. Alikuwa na tamaa kwamba babako atabadili moyo." Akalaza shuka. "Alipokukuta na ufagio, nadhani alipata wa kumlaumu asiyekuwa mwanawe."

"Na wewe, mama? Ulijua kwamba naamini ni mimi?"

Alichukua foronya, akaikunja.

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa napiga shifti mbili, Rukia. Narudi, nyumba safi, nguo zimefuliwa, bibi yako ameoga, amelala. Ningekwambia, ungeacha."

Si mwanamke katili, mama yangu. Alikuwa amechoka, ameachwa, na kazi za nyumba hazikumngoja. Bibi naye alinipenda, hilo silitilii shaka. Lakini walikuwa watu wazima wawili wanaoujua ukweli, na walimwacha mtoto asugue kosa lisilokuwa lake usiku na mchana, kwa kuwa alikuwa anasugua vizuri. Nilimaliza kukunja upande wangu nikamsaidia na wake. Amewahi kuniuliza mara mbili tangu siku ile kama nimemsamehe. Mara zote mbili nimemwambia anywe chai yake isije ikapoa.