Mama Agnès na Jedwali la Mianda

Kama kuna mtu mtaani Dilala, mjini Kolwezi, aliyejua kuona wivu, na kuuona sawasawa, basi ni Mama Agnès. Wivu wake haukuwa ule wa kupekua mifuko ya suruali. Ulikuwa na sababu, na sababu yenyewe iliketi sebuleni kwake kila alasiri, imevaa miwani, imeshika chaki.

Sababu hiyo iliitwa Mianda. Alichora mashine katika karakana ya kampuni ya migodi, ofisi moja na Louis Kalenga, mume wa Agnès. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, lakini yeye mwenyewe alizaliwa Kolwezi, na Kasai hakuwahi kuiona. Mrembo hakuwa. Angekuwa mrembo ingekuwa nafuu, maana uzuri Agnès alijua kushindana nao.

Mwaka ule wa tisini na mbili kampuni ilikuwa inakata roho. Vipuri havikuja tena, na mishahara ilikuja ikipenda. Mkuu wa karakana akawaambia watu wake wabuni kitu cha kutengeneza kwa vyuma chakavu, kitu ambacho watu watakinunua. Louis na Mianda wakachagua mashine ya kusagia mahindi kwa mkono. Na kwa kuwa paa la ofisi lilivuja, wakahamia kwenye ukuta wa sebule ya Agnès.

Louis alizoea kuchora kitu cha kwanza kilichomjia kichwani, kisha akakitetea mpaka jasho limtoke. Mianda alikataa mtindo huo. Aliigawa mashine katika kazi zake: kupokea punje, kuzishika, kuzivunja, kutoa unga, kupata nguvu ya kuzungusha. Kila kazi ikapata mstari wake ukutani, na kila mstari ukatakiwa kujazwa njia nyingi, za maana na za kipuuzi. Kuvunja: kwa jiwe, kwa meno ya chuma, kwa nyundo. Kuzungusha: kwa mkono, kwa mguu, kwa baiskeli, kwa mbuzi. Ilikuwa marufuku kuhukumu njia yoyote kabla mstari haujajaa. Baadaye ndipo walipochukua njia moja kutoka kila mstari na kuziunganisha, ikatokea mashine ambayo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa nayo kichwani.

Siku ya mbuzi, Louis alicheka mpaka akafuta machozi. Agnès alikisikia kicheko hicho akiwa jikoni, na roho ikamuuma kwelikweli. Miaka yote ya ndoa yao Louis alimwuliza shati liko wapi. Hakuwahi kumwuliza anafikiri nini.

Aliyemwuliza ni Mianda.

"Mama Agnès, njo weye unatwangaka. Nini inachokaka mbele, mukono ao mugongo?"

Kinachotangulia kuchoka ni mgongo, na Agnès alijua hivyo. "Mukono," alisema makusudi, akarudi kwenye sufuria zake.

Wakaunda mashine ya kwanza kwa kufuata jibu lake, na kila aliyeijaribu aliinama akaguna na kushika kiuno. Agnès akangoja kwa hamu aibu ya Mianda. Mianda alirudi tu ukutani, akafuta njia moja, akachukua iliyofuata. "Haina neno, tuko na ingine," alisema. Sasa mtu wa namna hiyo utamchukia vipi ukaridhika? Hata uongo wako anaufanyia kazi.

Kisha siasa ikaingia mitaani. Vijana wa chama cha wenyeji wakapita nyumba kwa nyumba wakiwaita watu wa Kasai bilulu, yaani wadudu, wakavunja milango na kuwaambia warudi kwao. Familia nzima nzima zikakimbilia stesheni, ile wanayoiita gare, kungoja treni. Mianda na mama yake wakatoweka. Kila jioni Louis alirudi na viatu vimejaa matope, na Agnès akaona jambo moja tu: mume wake anamtafuta mwanamke mwingine. Kwamba mwanamke huyo anawindwa hakukumpunguzia uchungu. Tuseme wazi, alifurahi kwamba ameondoka.

Agnès mwenyewe alikwenda stesheni kwa shughuli zake, kununua masufuria. Waliofukuzwa walikuwa wanauza vyombo kwa bei ya kutupa, na nusu ya Dilala ilikuwa pale ikichagua. Nyuma ya stesheni, katika ua wa shule iliyofungwa, akamwona Mianda. Akasogea, akitaka kumwona vizuri jinsi alivyovunjika.

Mianda alikuwa amechutama, wanawake wamemzunguka, anachora ardhini kwa kijiti. Mvua ilikuwa inaingia barazani, makaa yalikuwa yanakwisha, na moshi wa mbabula zao, yale majiko ya makaa, ulikuwa unawakohoza watoto. Mistari ilikuwa ya namna ile ile: kushika moto, kuufikisha kwenye sufuria, kutoa moshi, kuzuia mvua.

"Mama Agnès!" Mianda alisema bila kinyongo, akimwonyesha pa kukaa. "Ikala. Kushika moto: tuko na bati, tuko na matofali. Weye unaongeza nini?"

Agnès alikuja na maneno mengine mdomoni, ya kuchoma. "Budongo ya kichuguu," akasikia sauti yake ikisema. "Inakamata moto, haipasukake."

"Weka," Mianda alisema, akaichora.

Agnès akasahau masufuria. Akachimba, akakanda, akabishana, na mwanamke mmoja akamkemea kwa kuhukumu njia ya mwenzake mapema. Jua liliposhuka, jiko kubwa la udongo lilikuwa limesimama barazani. Lilibaki bomba la moshi, na Agnès akaahidi kuleta bati asubuhi. Alirudi nyumbani ana matope mpaka viwikoni, mwepesi, akielewa kwa mara ya kwanza Louis alikuwa anacheka nini.

Wivu ungekufa pale, hadithi ingekuwa nzuri. Uligeuka upande tu.

Walipokuwa wanakula, Louis alisukuma bukari, yaani ugali, pembeni. "Mama Mamie," alisema, maana Mamie ndiye binti yao, aliyeolewa na dereva wa lori kule Fungurume. "Mukwe wetu anakuya kesho na kamyo. Anaweza kubaficha, Mianda na mama yake, kubafikisha Zambie kwa kaka ya Mianda. Nilitafuta gare yote, sibaone. Kama tu nilijua kwenye beko!"

Jibu la wapi walipo lilikuwa fupi, na Agnès alikuwa nalo kwenye ulimi. Lakini aliona kitakachofuata. Louis angekimbia, Louis angeokoa, Louis angeshukuriwa. Yeye alikuwa amepata siku moja tu ya kuulizwa, na angerudi kutafuta shati. Kesho, akajiambia. Tumalize jiko kwanza, halafu nitamwambia. Lori halina haraka.

"Kula, bukari inapola," alisema.

Asubuhi alifika uani na bati lake. Barazani hapakuwa na mtu, ila mlinzi wa shule akifagia majivu. Treni ilikuja alfajiri, mlinzi akamwambia. Watu walipigania mabehewa yenye paa. Mama yake Mianda, yule bikizee, alimsihi binti yake wapande mapema, lakini binti akakataa, akasema kuna mama mmoja wa Dilala aliahidi bati, atakuja, wasimkimbie. Walipopanda, yalibaki mabehewa ya wazi. Na mvua ilikuwa inanyesha.

Agnès alirudi Dilala polepole. Lori lilikuwa mlangoni linanguruma, mkwe ameshika usukani, Louis amesimama barabarani akitazama huku na huku.

"Unatoka wapi?" Louis aliuliza.

"Nilijua kwenye beko," Agnès alisema. "Beko banaenda na treni."

"Ulijua tangu siku gani?"

"Tangu jana."

Louis hakupiga kelele. Aligeuka akamwambia mkwe azime lori.