Kamba ya mupira ku pedali ya vitesi

Leo nimefungua motere ya pikipiki ya mutu bure. Na haifungike tena.

Motari mumoja, mwenye pikipiki wa Kabambare, alifika kwangu Kasongo asubuhi:
«Fundi, vitesi haziingie, ninakanyaga giya bure. Bibi yangu, mama ya watoto, ni mugonjwa, ananingojea Lusangi.»

Nikasema shida iko ndani. Nikapasua motere yote.
Meno ya giya za ndani zote nzima!

Ndipo nikaondosha kamba ya mupira yenye motari alifunga ku pedali ya vitesi.
(Si munajua, huku tunafunga kila kitu na mupira. Sikuiangalia hata.)
Chini yake, pedali imeisha meno, inazunguka yenyewe tu.
Ilikuwa kubadilisha pedali, basi!

Sasa joint, ile karatasi ya kuziba motere, imepasuka wakati nilifungua. Mu Kasongo yote ingine haiko.

Motari amekaa pembeni yangu, simu ku mukono:
«Fundi, bibi anauliza kama niko njiani.»

Nimujibu nini, wandugu?