Gauni Lisilobana

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, maana hata ukimpelekea kitambaa cha meza atakitia pindo. Miaka kumi na miwili alishona huku baridi yabisi ikimla viungo, vidole vimevimba, asubuhi mkasi haushikiki mpaka aviloweke kwenye maji ya moto. Na jamani, alikuwa mkaidi! Kila kitu alivisingizia viungo. Akihema kwenye ngazi tano za duka lake, ni magoti. Kifua kikimbana, ni kuinamia cherehani. Alijinunulia vidonge vya maumivu akavimeza kama karanga, na ile cherehani ya kukanyaga akaitia mota, akawa anakaa kutwa nzima bila kunyanyua mguu.

Siku ya kliniki, nesi alimpima presha, akapima tena, kisha akavuta kiti. Akamweleza kwamba ugonjwa huu hauishii vidoleni. Uvimbe ule ule hufanya kazi ndani kwa ndani mpaka kwenye mishipa ya moyo. Ukijumlisha presha, mafuta kwenye damu, unene na kukaa tu, moyo unabebeshwa mzigo usio wake. Akamuuliza kama siku hizi nguo zinambana.

"Nguo zangu hazijawahi kunibana," Mama Pindo alijibu kwa maringo.

Nesi akaitazama mizani. Akauliza kuhusu wazazi, na hapo maringo yakaisha. Mama yake alikuwa na vidole vile vile vilivyopinda, akaanguka mlangoni akafa, ana miaka hamsini na minane. Moyo, walisema. Hakuna aliyewahi kuviunganisha vidole na moyo. Mama Pindo mwenyewe alikuwa na hamsini na sita, na kwa mara ya kwanza aliogopa.

Nyumbani alivua gauni lake la buluu akaligeuza upande wa ndani. Lo! Ubavuni kulikuwa na mistari mitano ya matundu ya sindano. Kila gauni lilipotaka kubana, aliachia mshono kidogo, kama anavyowafanyia wateja, bila hata kufikiri. Amepima mtaa mzima, hajawahi kujipima yeye. Mganga hajigangi, bwana. Akalia, akacheka huku analia, mpaka mumewe akaja kuuliza kuna msiba gani.

"Nimejidanganya kwa uzi wangu mwenyewe," alimwambia. "Mlangoni sianguki."

Basi akashika moja. Dawa za viungo alizokuwa akizirukaruka akazimeza kama alivyoandikiwa, na za presha pia. Vidonge vya kujinunulia akaviacha, nesi alipomwambia vinapandisha presha. Chumvi ikapungua jikoni. Mume akanuna wiki mbili, kisha naye suruali zikaanza kumdondoka. Viungo vilipotulia, Mama Pindo aling'oa mota akarudi kukanyaga. Jioni alitembea mpaka kwenye tangi la maji, na safari ya kwanza alipumzika mara sita. Mshono wa gauni ukarudi ndani, mstari mmoja mmoja, bila haraka.

Siku aliyotimiza miaka hamsini na tisa, presha ilikuwa imetulia, na ngazi tano alizipanda akiongea. Alikaa dukani akashona gauni la buluu kwenye mstari wa kwanza kabisa, uzi mara mbili. Kisha akachukua mkasi, kwa vidole vile vile, akakikata kitambaa chote cha akiba kilichobaki ubavuni. Mume akashtuka, akamuuliza sasa likibana ataachia wapi.

"Hakuna pa kuachia," alisema, akalivaa.