Wifi Yangu Sindano

Nianze na ukweli, maana nikizunguka nitajipendelea. Nimemwonea wivu mke wa kaka yangu kwa miaka kumi na moja, na si ule wivu wa kukuchoma siku moja kwenye sherehe ukapita. Ni wivu wa kuamka nao na kupiga nao mswaki. Yeye anaishi kwa kuimba. Mimi, ambaye ukoo mzima unajua ndiye niliyezaliwa na sauti, ninakaa dirishani kwenye kliniki ya meno nikiita wagonjwa. "Anayefuata." Daktari huwaambia watu kwamba hata mwenye jino bovu hutulia akinisikia. Nadhani hutaka kunisifu.

Sauti yake ni nyembamba. Sisemi hivyo kwa chuki, au tuseme si kwa chuki peke yake. Siku kaka alipomleta nyumbani mara ya kwanza, aliimba kidogo akisaidia kuosha vyombo, nami nikamnong'oneza mama kwamba tumeletewa sindano. Mama alicheka mpaka akashika ukuta, na jina likaenea. Nilidhani litamuuma. Miezi michache baadaye nililiona limechapwa kwenye tangazo kwa herufi kubwa, "Sindano", na chini yake saa na mahali pa kumsikiliza. Alinipigia simu kunishukuru. Alisema alikuwa ametafuta jina la kazi mwaka mzima bila kulipata. Nikajua vijembe vyangu havitanifikisha popote kwa mtu huyu.

Wakati huo kulikuwa na kampuni ya muziki iliyomtaka. Walimpa mkataba wa kurasa nyingi, akausoma wiki nzima na kalamu nyekundu mkononi, akaupeleka kwa mwanasheria, kisha akaurudisha bila kutia sahihi. Alisema rekodi zake zote zingekuwa mali yao, hata za nyimbo ambazo hajazitunga bado. Jumapili ile, mezani kwa mama, sikumwacha hata ameze maji.

"Wifi, wenzako wanaitafuta bahati kwa tochi. Wewe imekuja yenyewe mpaka mlangoni, ukaiambia hakuna mtu."

"Sikuiambia hakuna mtu," alisema. "Niliiambia mwenye nyumba yupo, ila nyumba haiuzwi."

Kaka akacheka. Kaka yangu ni fundi wa majokofu, na tangu aoe hucheka kila mkewe anapofungua mdomo, hata kama anauliza chumvi iko wapi. Hilo nalo liliniuma.

Nilimpa mwaka mmoja. Nikakaa mkao wa kula, nikingoja aanguke ili niwe wa kwanza kumpa pole. Hakuanguka. Wala hakupaa, na hilo ndilo lililonichanganya, kwa sababu mimi nilijua kuna mambo mawili tu, kuwa nyota au kuacha. Hakuna aliyemsimamisha njiani kupiga naye picha. Alifanya kazi, basi. Jumatatu na Jumanne alifundisha watoto kupiga kinanda. Jumatano asubuhi aliwajibu waliomwandikia, mmoja mmoja, akiwa na daftari nene pembeni alimoandika habari zao: huyu amefanyiwa upasuaji wa goti, huyu amehamia mji mwingine, huyu hapendi ngoma nyingi kwenye wimbo. Kila mwezi alitoa wimbo mmoja, uwe mkubwa au mdogo. Aliimba maktabani, aliimba kwenye sherehe za kuwaaga wastaafu, aliimba kwenye korido za hospitali watu wakisubiri majibu yao. Aliimba tangazo la sabuni bila kuona haya. Ile sauti ya kwenye lifti ya duka kubwa, inayosema mlango unafungwa, ni yake. Tangu nilipoitambua napanda kwa ngazi.

Na msidhani mimi sikujaribu. Mwaka ule ule aliokataa mkataba niliingia studio ya kukodi, nikarekodi wimbo mmoja mzuri kweli kweli, nikautoa, nikakaa kusubiri kugunduliwa, kana kwamba mimi ni mgodi. Wasikilizaji arobaini na mmoja. Nusu yao ndugu, robo yao mimi mwenyewe. Niliufuta kwa hasira na kuwatangazia watu kwamba siku hizi muziki umeharibika, hakuna mwenye masikio. Nimelisema hilo kwa miaka mingi, na watu huitikia kwa kichwa wakisubiri zamu yao.

Mwaka huu, siku ya Alhamisi, nikiwa dirishani pangu, niliita namba kumi na nne akasimama yeye. Alikuwa amekaa katikati ya wagonjwa na mkoba wake mapajani, amechukua namba kama wenzake.

"Jino gani?" nilimuuliza.

"Si jino, wifi. Kuna wimbo umenishinda."

"Umekushinda vipi?"

"Kiitikio kinataka sauti mbili. Nimejaribu kujiimbia mwenyewe zote mbili, inasikika kama mbu wawili kwenye chandarua. Nakuhitaji wewe."

Nilimtazama nione kama ananivisha kilemba cha ukoka. Macho yake yalikuwa makavu, yamechoka. Nikamwambia nina kazi. Akasema Jumamosi kliniki inafungwa saa saba, amewauliza. Nikamwambia nitaangalia nafasi, kwa sauti ya mtu mwenye ratiba ndefu, na huku rohoni nilikuwa nimeshafika kwake na kuvua viatu.

Niseme wazi nilichokusudia. Nina miaka arobaini na sita. Kama sauti yangu isingesikika na watu wasionijua safari hii, isingesikika tena mpaka nazikwa. Huo wimbo ungeenda kwa wasikilizaji wake wote, maelfu kadhaa aliowakusanya mmoja mmoja. Sikwenda kumsaidia. Nilikwenda kumfunika ndani ya wimbo wake mwenyewe.

Studio yake ni kabati la nguo. Milango imeachwa wazi, makoti ya kaka yananing'inia kuzuia mwangwi, blanketi limetundikwa dirishani, na maikrofoni inasimama katikati ya viatu. Mbele yake kuna soksi ndefu ya kike iliyovutwa juu ya kitanzi cha waya, ili pumzi isivume. Kaka alikuwa ametumwa kwenda kuzima jokofu la jikoni kwa sababu linanguruma. Fundi wa majokofu, na jokofu lake mwenyewe huzimwa kila mkewe anapotaka kuimba. Aliifanya kazi hiyo kwa adabu, akafunga mlango taratibu.

Wimbo ulikuwa wa mwanamke anayehama nyumba na kuacha taa inawaka. Alinisikilizisha mara mbili, nikajilazimisha kutoupenda, nikashindwa.

"Uje chini yangu," alisema Sindano akinivalisha hedifoni. "Kama unamshika mtu mkono anashuka ngazi."

Mara ya kwanza nilifanya hivyo. Mara ya pili pia. Mara ya tatu nikajiachia. Nilivuta pumzi mpaka tumboni, nikapanda pale asiponiambia nipande, nikalishika neno la mwisho na kulikokota mpaka sauti yake ikapotea kabisa masikioni mwangu. Nilipomaliza, kiganja changu kilikuwa kimekamata mkono wa koti la kaka.

Sindano alikuwa ameinamia mashine, ananipa kisogo.

"Rudia hivyo hivyo," alisema mwishowe.

Nikarudia, na safari hii nikaongeza. Aliponisindikiza mpaka mlangoni akasema, "Asante, wifi," na sauti ilikuwa ndogo kuliko kawaida yake. Nilitembea mpaka kwangu kichwa kimevimba, nikawasalimia hata majirani nisiowapenda.

Furaha hiyo haikumaliza siku mbili. Nikakumbuka kwamba kuchanganya sauti anafanya mwenyewe, kitandani, na kompyuta yake mapajani. Angeweza kunizika kwa kidole kimoja. Mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyo na nisingejuta. Kazini nikaanza kuita mgonjwa mmoja mara mbili. Nikampigia kaka nikijifanya naulizia jokofu langu.

"Linavuja maji?" aliuliza.

"Kidogo. Na ule wimbo umefika wapi?"

"Anauchanganya bado. Leo siku ya nne. Anameza chai ikiwa baridi, wala hasikii ukimwita."

"Amesema chochote juu yangu?"

"Hapana. Hilo jokofu nije kuliangalia?"

Nikamwambia limeacha kuvuja.

Sindano ana desturi yake. Kabla wimbo haujatoka, huwaalika baadhi ya wasikilizaji wake wa siku nyingi sebuleni kwake, Jumamosi mchana, waketi kwenye viti vya kuazima na kuusikia kabla ya watu wengine. Siku hiyo walikuja ishirini na sita. Viatu vilijaa mlangoni. Nilivaa gauni langu la kijani la sherehe, nikakaa karibu na rafu ya vitabu, mahali ambapo mtu akigeuka lazima anione. Nilikuwa nimejiandaa kukutwa nimezikwa, na nilikuwa na maneno tayari.

Sindano akabonyeza kitufe. Ubeti wa kwanza ulikuwa wake, mwembamba, wa kawaida yake. Kisha kiitikio kikafunguka, na aliyefungua alikuwa mimi. Sauti yangu ilikaa juu, pana, kila pumzi mahali pake, ikajaza chumba kile mpaka mtu mmoja akaweka kikombe chini. Nikamtafuta Sindano ndani yake. Nilimkuta huko chini kabisa, amenishikilia.

Wimbo ulipokwisha, mzee mmoja mstaafu wa posta aliuliza, "Huyu wa kiitikio ni nani?"

"Wifi yangu," alisema Sindano. "Yule pale."

Wote wakageuka na kunipigia makofi. Niliyala makofi yale yote, sikubakiza. Miaka kumi na moja ya uchungu ilinitoka hivi hivi, nikahisi ningeweza hata kumkumbatia.

Halafu wakamgeukia yeye. Mzee wa posta alitaka kumweleza habari za goti lake, na Sindano akamuuliza kama zile ngazi za kwa binti yake bado zinamsumbua. Mama mmoja alimletea mchoro wa mtoto wake. Vijana wawili walikuwa wakibishana naye kuhusu ubeti wa pili wa wimbo wa miaka mitatu iliyopita, ubeti ambao mimi sikuujua. Waliopita karibu yangu walitabasamu na kusema hongera, wakaenda kujiunga na wenzao. Wivu wangu haukuwa umekwenda mbali. Ulirudi na kukaa pale pale, mzito kuliko ulivyotoka, kwa sababu sauti yangu ndiyo iliyokijaza chumba na bado chumba kilikuwa chake.

Nikachukua vikombe vitupu, nikakimbilia jikoni. Baada ya muda akanifuata, akachukua kitambaa, akaanza kupangusa nilivyoosha.

"Mashine yako ina hitilafu?" nilimuuliza. "Mbona nimekupita?"

"Haina. Nilijipunguza."

"Kwa nini?"

"Siku tatu nilikuwa nakupunguza wewe," alisema. "Kila nikikushusha, wimbo unakufa. Siku ya nne nikajishusha mimi, ukapona."

"Na hukuumia?"

"Niliumia sana. Nililia mle kabatini, muulize kaka yako." Alisema hivyo akipangusa kikombe kwa utulivu, kama anayetaja bei ya sukari. "Wifi, mimi nakuonea wivu tangu arusi yangu. Uliimba, wageni wakasahau kuna bibi arusi. Nikajiambia nitafanya kazi mpaka nikufikie. Kila asubuhi nikifungua mdomo nilikuwa nakukimbiza wewe. Halafu siku moja nikainua macho, nikaona mbele hakuna mtu."

Maji ya bomba yalikuwa yanaendelea kumwagika. Sikuyafunga. Nilishikwa na hasira, kwa sababu hata katika kuona wivu alikuwa amenishinda. Wake aliufanyia kazi.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mwanamke mmoja wa wale wageni, mwenye miwani, ambaye muda wote alikuwa amekaa safu ya nyuma. Alinitazama kwa haya.

"Samahani, dada, sikutaka kuwasumbua. Nauliza tu, nyimbo zako nyingine nitazipata wapi?"

Nikamtazama Sindano. Neno moja lake lingeniokoa. Angeweza kusema ninaandaa, angeweza kusema subiri kidogo. Huwaokoa watu kila siku, ni tabia yake. Safari hii aliendelea kupangusa kikombe, ananisikiliza.

"Hazipo," nilisema.

Yule mwanamke akacheka kidogo, akidhani namtania, akabaki pale mlangoni na simu yake mkononi, kidole juu ya kioo, akingoja nimtajie.