Saa Zilizovuka Mwaka 2038

Mwaka 1972, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba alifariki na shule yangu ikaishia darasa la tatu. Nililima vibarua Kibimba, nikabeba ndizi kwa baiskeli mpaka nikanunua pikapu. Leo nina minara ya mtandao Rusumo, na mawakala wa forodha wanatoa malori mpakani kwa intaneti yangu. Sikurithi hata waya.

Mwaka jana mkamwana wangu, mke wa mwanangu mkubwa, alileta habari mbaya. Yeye ndiye fundi wa mitambo yangu. Kwetu mkamwana hakai chumba kimoja na baba mkwe, hivyo yeye hufungua kompyuta yake barazani, mimi nakaa ndani na vifaa vya mtandao vya minarani, tunaongea dirishani.

"Shikamoo baba. Saa za hivi vifaa zinahesabu sekunde tangu mwaka 1970. Januari 2038 nafasi ya namba itajaa, zitarudi nyuma mpaka 1901."

"Marahaba. Na mtandao?"

"Saa ikikosea hivyo, kompyuta za mawakala zitakataliwa kwenye mfumo wa forodha. Watakukimbia wote."

Alidhani nitabisha. Sikubisha. Pikapu yangu ya kwanza ilifika kilomita 99,999, kesho yake ikasoma sifuri. Nilimwita dereva wangu mwizi, kwamba amechezea namba, nikamfukuza. Baadaye sana fundi akanieleza kuwa namba zilijaa tu. Nilimfuata dereva yule Bugarama kumwomba radhi. Alinipa chakula, lakini kazini hakurudi.

"Kwa hiyo tuvitupe?" niliuliza.

"Hapana baba. Nabadili programu inayoongoza saa, niipe nafasi pana. Tujaribu kimoja kwanza."

Tulikitoa kifaa kimoja mnarani, tukaisogeza saa yake hadi tarehe kumi na tisa Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na tatu asubuhi, nayo ikiwa bado na programu ya zamani. Nilisoma kioo chake kidogo. Dakika ya kumi na nne, sekunde ya saba, halafu ikaruka.

"1901! Hata babu hajaoa!"

Nje akacheka. Akaweka programu mpya, tukasogeza tena. Nikahesabu sekunde kwa sauti. Sita. Saba. Nane. Tisa.

"Baba, inasomaje?"

"2038. Inakwenda."

"Una hakika?"

"Sikusoma, mwanangu, lakini namba nazijua!"

Vingine vitatu vilivuka vilevile, tukavirudishia saa ya leo. Niliegemea ukuta nikashusha pumzi niliyoibana tangu alete habari ile. Siku hiyo ikinikuta nitakuwa na miaka sabini na saba. Isiponikuta, malori yatapita tu.

Nilicho nacho leo: nyumba ya matofali Rusumo, shamba la migomba Kibimba, ng'ombe sita, minara miwili, vifaa vinne vilivyokwisha kuvuka. Na pikapu ileile. Namba zake siziangalii tena.